Maneno Ninayo, Kaka Athumani

Kaka Athumani,

Nafasi yako ya kuongoza wageni wameshampa mtu. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, kama huko uliko habari za Kolo zinafika. Anaitwa Elisha, kijana wa Dodoma mjini, amesoma chuo kikuu, ana viatu vya kupandia milima na kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Si mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ingenisaidia, lakini siye.

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, na yangu sitaki kukudanganya: si njema.

Na mimi niliitwa kwenye usaili wa nafasi hiyo. Nilisimama palepale ulipokuwa unasimama wewe, kwenye pango la kwanza, chini ya wale watu wekundu waliochorwa mwambani wakiwa na vichwa vikubwa, nikashindwa mbele ya watu watatu. Ulipokuwa unaumwa ulinishika mkono ukaniambia, "Hadija, mahali pangu simama wewe." Nikaitikia. Sikuitikia ili kukuridhisha, niliitikia kwa sababu niliamini. Kijiji kizima kiliamini. Sasa kila nikienda kisimani wanawake wananisalimia kwa sauti ya chini, ile sauti ya kumsalimia mfiwa, na sijui wananipa pole ya wewe au pole ya usaili.

Najua ungecheka kwanza. Ungeniita kwa lile jina ulilonipa, useme, Sanduku, kwani walikuuliza nini hasa? Ndiyo nakueleza, lakini niache nianze mbali kidogo, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki ninayeweza kukumbushana naye mambo haya.

Unaikumbuka siku ile ya goti? Mimi nilikuwa kibarua wa kufyeka njia ya mlimani, nimeinama na panga langu, na wewe ulikuwa umesimama juu yangu na mzungu na mkewe, unawaonyesha mchoro wa yule mtu aliyekunja mguu. Kiingereza chako kilikuwa kinatiririka vizuri, halafu kikakwama. Ulikuwa unalitafuta neno la goti. Ukajipiga goti lako, ukasema this, this, ukajipiga tena, na yule mzungu akadhani linakuuma, akaanza kukutafutia dawa kwenye begi lake. Nikasema kutoka vichakani, bila hata kunyanyuka: knee. Wote watatu mkageuka. Sijawahi kuona mtu anafurahi vile kwa neno moja.

Jioni yake ulikuja nyumbani, ukamwamkia mama yangu shikamoo, ukakaa kwenye kigoda na kuniuliza nilikolitoa. Nikakuambia limetoka kwa ndugu zake. Mwalimu wetu wa sekondari kule Kondoa alikuwa akituimbisha maneno ukoo kwa ukoo. Yale yanayoanza kwa k na n tuliyaweka nyumba moja: knee, goti, knife, kisu, knot, fundo, knock, kubisha hodi, kneel, kupiga magoti, know, kujua. Ukilivuta moja, yote yanafuata. Nilifeli mtihani wa kidato cha nne karibu masomo yote, lakini koo zile hazikunitoka hata siku moja. Wewe ulicheka mpaka ukashikilia kigoda. Ukasema wewe Kiingereza umekiokota barabarani tangu ulipokuwa unawabebea wageni mizigo, hujawahi kukiona kimekaa kwa ukoo. Ukasema maneno yanakupotea kama mbuzi, lakini ukiyapata unajua pa kuyapeleka.

Na kweli ulijua. Ulikuwa ukiunga sentensi hata na maneno machache, mtu anakuelewa, anacheka, anakupenda. Niliona ukimpandisha mlima bibi wa kizungu aliyekuwa anaogopa mawe, kwa kuongea tu. Mimi nilikuwa kinyume chako. Maneno yote ninayo, na maana zake, lakini mtu akiniangalia usoni na kuningoja niseme, kinywa kinajaa mchanga. Ndipo ukaniombea kwenye ofisi ya mambo ya kale niwe nabeba maji ya wageni, tukawa tunakwenda wawili. Ukikwama unagonga fimbo chini, nami nakunong'oneza neno. Ukaniita Sanduku. Wageni walidhani hiyo fimbo ni mila yetu.

Ni wewe uliyezipa zile koo mahali pa kuishi. Ulisema neno lisilo na mahali litazurura. Pale chini zinapoishia pikipiki ukaweka ukoo wa ock: rock, mwamba, lock, kufuli, block, tofali, flock, kundi la kondoo, na shock, ambapo ulikuwa unaruka kama umekanyaga nyoka, kila mara, hata nilipokwisha kukuzoea na kuacha kucheka. Kwenye kona ya miiba ukaweka ight: light, mwanga, night, usiku, bright, kung'aa, sight, kuona, fight, kupigana, na hapo kichaka kilikuwa kinakula fimbo, na tight, kubana, kwa sababu hapo ndipo njia inapopita kati ya mawe mawili na wewe ulikuwa unatanguliza bega. Pangoni ukaweka ain. Rain, mvua, kwa kuwa wazee walikuwa wakija pale kuiomba. Pain, maumivu. Stain, doa, yaani ule wekundu ulioingia kwenye jiwe na hautoki. Remain, kubaki. Explain, kueleza.

Kila asubuhi tulikuwa tunapanda huku tunaita majina ya koo na kuitikiana, wewe mbele, mimi nyuma na madumu ya maji. Sijui kama ulijua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yangu. Nakuambia sasa. Sikuwa na nyingine.

Na sentensi? Nilikuuliza mara nyingi, Kaka, nawe utakuwa shahidi. Nilikuambia nifundishe na mimi kuongea. Ukasema, "Tujaze kwanza sanduku. Sanduku likijaa, sentensi zitatoka zenyewe." Ukasema tukimaliza koo zote, kiangazi hiki wakati alizeti zimevunwa na wageni wengi wamekuja, utaniacha nianze mimi, na wewe utakaa nyuma ubebe maji. Nilikuamini. Ulikuwa unapanga mambo kama mtu ambaye kesho yake iko kabatini imekunjwa.

Nimekukasirikia, Athumani. Naliandika jina lako bila Kaka ili ujue nimekasirika. Ulinijaza maneno ukaondoka na ufunguo. Nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba, napepeta uwele, nakugombeza kwa sauti mpaka mama anatoka kuangalia nazungumza na nani.

Halafu hasira inaisha, na kinachokuja baada ya hasira ni kibaya zaidi.

Ulipoanza kuvimba tumbo tulikutania kwamba ni ugali. Uliporudishwa kutoka hospitali ya Dodoma, wakasema ni ini na kwamba tukuuguze nyumbani, hakuna aliyetania tena. Nilikuwa nakuja mchana nikishamaliza shambani. Mama yako alikuwa ananiwekea mkeka pembeni ya kitanda. Ulikuwa huwezi kula, hata mlenda ulikuwa unakurudi, lakini ulikuwa unataka maneno. Tulikuwa tumefika kwenye ule ukoo mbaya wa ough. Ulisema hao ni watoto wa baba mmoja wasiosalimiana, wamevaa sare lakini kila mmoja ana sauti yake. Cough, kukohoa. Rough, kitu kinachokwaruza. Though, ingawa. Through, kupita katikati. Ulikuwa unayarudia taratibu, huku mdomo umekauka, unanikosoa mimi niliyesoma shule.

Siku ile ya mwisho nilikuta chumba kimejaa. Ulinipigia kidole kwenye ubao wa kitanda, kwa kuwa fimbo haikuwepo, nikajua unataka. Nikaanza. Nilipofika kwenye enough, inatosha, mama yako aliniwekea mkono begani. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, mwachie sasa. Aondoke na neno la Mungu." Nikampisha. Alikuwa na haki, na simlaumu hata kidogo. Aliinama akakusemea shahada sikioni, nami nikaona midomo yako inamfuata. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwenda. Alasiri wanaume wakakubeba, sisi wanawake tukabaki uani, na upepo wa huku kwetu, unaujua, ukatujaza vumbi machoni ili kila mtu apate kisingizio.

Mengi hayajabadilika, na hilo ndilo linaloniumiza. Malori ya Babati yanapita vilevile. Mbuzi wako dume bado anakwenda kulala mlangoni mwa ofisi na kufukuzwa. Mama yako amegawa nguo zako baada ya arobaini. Shati lako la kaki amelichukua mjomba wako wa Kondoa, na siku niliyomwona sokoni amelivaa, amenigeuzia mgongo, nilimkimbilia nikimwita kwa jina lako. Aligeuka, akanitazama, akaniambia tu, "Pole, binti yangu," akaniacha niende.

Sasa usaili. Ofisi ilisema anayetaka kibali cha kuongoza wageni aje, ajaribiwe mlimani, kwa Kiingereza. Nilipanda asubuhi na mapema kujiandaa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilipita kwenye ock, ukawa unaruka. Nilipita kwenye kona ya miiba, nikasikia fimbo yako. Kila neno nililoliita lilikuja na sauti yako imelishikilia. Nilikaa kwenye jiwe nikalia mpaka nikahisi njaa, halafu nikanawa uso na maji ya dumu, nikawangoja.

Walikuja mama mmoja wa makamo na wanaume wawili, watu wa heshima, wamevaa vitambulisho shingoni. Walinisalimia vizuri. Yule mama alielekeza mkono kwenye mchoro, akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa: explain this painting.

Kaka, nilikuwa na kila kitu. Nilijua ule wekundu umetengenezwa na nini, nilijua kwa nini pofu, yule swala mkubwa, amechorwa juu ya twiga, nilijua mahali wazee walipokuwa wanaweka pombe ya kuombea mvua. Kwa Kirangi ningewaeleza, kwa Kiswahili ningewaeleza mpaka jua lizame. Lakini alisema explain, tena akalisema mahali pake, pale pangoni, ambapo tulikuwa tukiliita kila asubuhi. Kinywa changu kikafanya kilichozoea kufanya. Nikasema: explain. Rain. Pain. Stain. Remain. Nikasikia najitamkia, nikajua sivyo, nikashindwa kuacha. Nikamaliza ukoo wote nikaanza tena mwanzo. Kisha nikangoja. Nilikuwa nangoja wewe uyachukue hayo maneno uyapeleke yanakokwenda, kama siku zote. Walinitazama. Mwanamume mmoja akaangalia viatu vyake. Yule mama akaniuliza, kwa Kiswahili sasa, kama najisikia vizuri, kama ningependa kunywa maji.

Maji niliyabeba mimi.

Elisha alifuata baada yangu. Hakuwa anajua mchoro hata mmoja, aliusoma ubao wa maelezo uliopo mlangoni mwa pango kisha akawaambia walichokuwa wanakisoma wenyewe, lakini alikisema kwa sentensi. Tulipokuwa tunashuka aliniambia, "Dada Hadija, usijisikie vibaya, hiyo interview ilikuwa tough tu, ulipanik." Alikuwa anamaanisha wema. Ofisini aliniombea niendelee kubeba maji na kumwonyesha njia. Kwa hiyo sasa natembea nyuma yake kama nilivyokuwa natembea nyuma yako. Hagongi fimbo. Hana anachokihitaji kwangu isipokuwa njia, na njia ameshaanza kuijua.

Watu wananishauri nirudi sekondari nirudie mitihani. Mama anataka niolewe, ameshaanza kumtaja mtu wa Kondoa mwenye mashine ya kukamua alizeti. Nawasikia wote kama ninavyowasikia watu wanaoongea upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika dunia hii, kusimama pale na kueleza mlima wetu, na wewe ukiwa nyuma yangu na madumu. Nusu ya hicho kitu imezikwa, na nusu iliyobaki haiwezi kuongea.

Wiki hii walikuja wageni wengine. Mmoja alikuwa mwanamke mzee wa kizungu, miguu yake mizito, akawa anabaki nyuma. Elisha aliniomba nimsubiri huyo, yeye akaendelea na wengine. Tulikwenda polepole sana. Nilikuwa namwonyesha mahali pa kukanyaga na kumtajia: rock. Baadaye, kati ya yale mawe mawili: tight. Alikuwa anacheka kila nikitaja, anarudia. Tulipotoka upande wa pili akakaa chini kupumzika, nikamfungulia maji, na yeye, kwa Kiingereza cha taratibu ambacho nilikielewa chote, akaniuliza ni nani aliyenifundisha.

Nilimwambia: my friend.

Akangoja. Nilijua anangoja kuonyeshwa huyo rafiki, labda ni yule aliye mbele na wageni. Na mimi nikasema, "My friend died."

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Ilikuwa imetoka nzima. Sikuivuta kwenye ukoo wowote, hakuna aliyeninong'oneza. Ni sentensi, Kaka. Hata Elisha asingepata cha kusahihisha. Miaka yote ile nilikuwa nakuomba unifundishe sentensi ya kwanza, na sentensi ya kwanza niliyopata katika maisha yangu ndiyo hiyo.

Yule bibi hakusema pole. Alinishika mkono, akanivuta nikae karibu naye, akaniuliza tena. Aliniuliza ulikuwa mtu wa namna gani.

Nilifungua kinywa. Nilimtazama yeye, nikayatazama mawe, nikatafuta katika kila nyumba ya maneno niliyonayo, na unajua ni nyingi. Nilitaka kumwambia kwamba ulikuwa unatanguliza bega. Kwamba ulikuwa unamwamkia mama yangu hata ukiwa na haraka. Kwamba ulimpandisha mlima bibi kama yeye kwa maneno machache tu, na kwamba hukuwahi kunicheka kwa kuogopa. Haikutoka hata moja. Alisubiri muda mrefu, Mungu ambariki, kisha akanipigapiga mkono na kunyanyuka, tukawafuata wenzetu.

Basi nakuaga, Kaka Athumani. Mungu akulaze mahali pema, akupunguzie kiza, akupe huko watu wa kucheka nao. Usiningoje nikuletee habari nzuri, kwa sasa sioni zitakakotoka. Mlimani nitaendelea kupanda kwa kuwa sijui kwingine pa kwenda asubuhi.

Ahadi yangu ni hii moja, na sijui itanichukua muda gani. Lile swali la yule bibi nitalitafutia jibu, kwa Kiingereza, jibu zima lisilokatika, nilijifunze hata kama ni neno kwa neno na hakuna wa kunisahihisha. Mpaka nitakapolipata, kila mgeni atakayeniuliza habari zako ataambiwa tu kwamba umekufa, na mimi nitakuwa nimesimama mbele yake, namjua aliyekufa, nashindwa kueleza alikuwa nani.

Ni mimi,
Hadija
Kolo